GUNIA LA KIBAIGWA LAKAMULIWA, DHAHABU ‘YAPATA HASARA’!

Wewe unayesoma gazeti hili kijiweni ukisubiri abiria, au umeliazima kwa mwenzio mwenye meza ya vocha, nakuomba dakika tano. Nataka tuzungumze habari ya kodi. Usikimbilie ukurasa wa mpira, ndugu yangu. Fedha zenyewe ni zako.

Siku moja kaa pale Kibaigwa, soko la mahindi, uangalie. Kijana amelima kwa jembe la mkono, mvua ya Kongwa unaijua mwenyewe, mbegu kakopa. Gunia likiuzwa, ushuru wa mazao huo. Hadi 2017 ulifika asilimia 5 ya thamani ya mzigo, mwaka huo ukashushwa hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula na 3 kwa mazao ya biashara. Kitabuni mlipaji ni mnunuzi. Mnunuzi naye si mjinga, anaukata kwenye bei! Hakuna anayemwuliza mkulima: bwana, umepata faida au umekula hasara? Gunia ni gunia. Lipa.

Sasa njoo kwa wakubwa. Kodi ya kampuni ni asilimia 30 ya faida. Ya faida, sikiliza vizuri. Kampuni ikisema imepata hasara, asilimia 30 ya sifuri ni sifuri, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Basi kwa kampuni nyingi za kigeni mhasibu hodari ni yule anayejua kuificha faida.

Inafichwaje? Kampuni mama iko London, dada yake yuko kwenye kisiwa kisichotoza kodi. Tawi la Tanzania linakopa kwa dada kwa riba nono, linamlipa mama ‘ada ya ushauri’, linanunua mitambo kwa mjomba kwa bei ya kuruka. Fedha zinatoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia wa koti lile lile, na kila zikitoka zinaandikwa gharama. Mwisho wa mwaka TRA wanakuta kopo tupu.

Na nyingi ya hila hizo hazivunji hata sheria, maana sheria yenyewe ilitobolewa na vigogo wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, walipokuwa wakiwapigia magoti wawekezaji, waliruhusu kampuni za madini kukata gharama zote za mitambo kabla ya kodi, kisha wakaziongezea asilimia 15 kila mwaka juu ya gharama ambazo hazijarudi. Nyongeza hiyo ilifutwa 2001, lakini waliokwisha saini mikataba wakaachwa waendelee nayo!

Unadhani natunga? Chukua African Barrick Gold, iliyokuja kuitwa Acacia. Kati ya 2010 na 2013 iligawa kwa wenye hisa wake dola milioni 412, huku migodi yake hapa nchini ikionyesha haina faida ya kutozwa kodi. Hivi gawio hutoka wapi kama si kwenye faida? Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi likasema kampuni ilipe dola milioni 41.25. Kampuni ilikana kukwepa kodi.

Sisi wa Kongwa hasara tunaijua. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa kulima karanga. Matrekta yakavunjikia kwenye visiki, udongo ukakauka ukawa kama saruji, karanga wakavuna chache kuliko mbegu. Januari 1951 London ikakubali yaishe, pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Babu zetu waliiona hasara kwa macho: mzungu alifunga mizigo akaondoka. Huyu wa dhahabu alikuwa ‘akila hasara’ mwaka hata mwaka, na bado anachimba tu!

Mwaka 2017 Serikali ya Magufuli ilikuja na dai la dola bilioni 190. Likaishia dola milioni 300 na hisa asilimia 16 katika kampuni ya Twiga. Hisa ni jambo jema, sibishi. Lakini nani alikaa na mwananchi akamweleza zile bilioni zilihesabiwaje, na zilishukaje?

Desemba 2021 mbunge wetu, marehemu Job Ndugai, akiwa Spika, alisema heri tozo kuliko mikopo, akaonya kuwa iko siku nchi itapigwa mnada. Januari 2022 akajiuzulu uspika. Mungu amlaze pema. Swali lake lilikuwa zito, lakini lilikuwa na majibu mawili tu: mlalahoi alipe tozo, au mjukuu wake alipe mkopo. Tozo yenyewe unaikumbuka, ile ya Julai 2021 iliyofika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, hadi kumtumia mama fedha ya unga kukawa anasa. Kelele zikapigwa, wakaipunguza. Jibu la tatu, kwamba mwenye mgodi alipe, halikutajwa.

Nalo halihitaji profesa. Tangu 2008 sheria inasema kampuni inayodai hasara miaka mitatu mfululizo itozwe kwenye mauzo. Ilianza na asilimia 0.3. Imepandishwa tangu hapo, lakini bado haijafikia ile 2 ya gunia lako! Ifikishwe hapo. Riba inayolipwa kwa ndugu wa kampuni isihesabiwe gharama. Na mikataba ya madini, ambayo sheria ya 2015 inataka iwekwe hadharani, ibandikwe tuisome, kwa Kiswahili.

Mgombea wa chama tawala akija Kongwa na kofia na kanga, pokea kofia, kisha mwulize: kwa nini ushuru wa gunia langu la mahindi unazidi ile kodi ya mauzo ya kampuni inayodai hasara? Akianza kukohoa, mpe maji ya kunywa, halafu mwulize tena.