Nani Kasema Ajali Haina Kinga?

Vijana wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi na methali. Wazee watanisamehe. Methali yenyewe mnaijua, tumeisikia tangu utotoni: ajali haina kinga. Mimi nasema huo ni uongo, tena uongo wenye faida kwa watu fulani, na sisi waandishi tunawabebea bure, hata nauli hatulipwi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Idd pili mwaka mmoja nilimchukua mtoto wa kaka yangu, umri wake miaka saba, tukaenda kutembea sikukuu. Kiwanja sikitaji wala mwenye mali simtaji. Ni huku huku kwetu Pemba, shamba, bembea zimeletwa kwa gari na kufungwa usiku wa kuamkia Idd. Mtoto kanzu mpya, kofia mpya, pesa kaikamata mkononi mpaka imelowa jasho. "Ami, ile!"

Ile ilikuwa bembea ya chuma ya kuzunguka, viti vinane, vijana wawili wanaisukuma kwa mikono mpaka viti vinapita juu ya vichwa vya watu. Nikasogea kumkalisha. Viti vya wenzake vimeshikwa kwa boliti na nati. Chake kimeshikwa kwa msumari uliopindwa, ukazungushiwa waya.

Nikamuuliza mwenyewe, "Bwana, mbona hapa pana msumari?"

Akacheka. "Weye fundi au umekuja kupandisha mtoto? Unashika tangu jana huo. Na ajali haina kinga, bwana, ikifika imefika."

Nyuma yangu watu wakaanza kelele: "Kama mwoga mshushe, wenzio wapande!" Mtoto ananitazama. Na mimi, eti mwandishi, bingwa wa maneno, nikaona haya. Nikanyamaza. Nikarudi nyuma, bembea ikazunguka.

Alishuka salama, anacheka, anataka tena. Lakini mimi najua nilichofanya. Nilimweka mtoto wa watu juu ya msumari kwa sababu niliogopa kuchekwa.

Haya, sasa tuiulize methali. Chuma hakikatiki hivi hivi. Hewa ya chumvi na mvua za masika hukila pole pole. Boliti inayovutwa na kuachiwa kila mzunguko hupata ufa mdogo, na ufa hukua. Bembea iliyolala miezi, kisha ikafanyishwa kazi siku nne mfululizo, ndiyo hasa ya kukaguliwa kila asubuhi kabla mtoto wa kwanza hajapanda. Kinga ipo! Kinga ni spana, grisi, boliti mpya, daftari la ukaguzi, na mtu mmoja mwenye uwezo wa kusema, "Leo hii haizunguki," na asifukuzwe kazi.

Msinambie haya ni ya umaskini wetu. Huko Ulaya wana rolakosta, treni ndogo inayovutwa juu ya mlima wa reli kisha ikaachiwa iteremke kwa kasi. London, bustani ya Battersea, tarehe 30 Mei 1972, treni iliachana na kamba ya kuivuta, na breki ya kuizuia isirudi nyuma haikushika. Watoto watano walikufa. Alton Towers, Uingereza hiyo hiyo, tarehe 2 Juni 2015, kompyuta ilisimamisha treni kwa sababu nyingine ilikuwa imekwama mbele. Wafanyakazi wakadhani kompyuta imekosea, wakairuhusu iende. Watu 16 waliumia, wasichana wawili wakakatwa mguu mmoja mmoja. Mwaka 2016 mahakama ikaipiga kampuni faini ya pauni milioni tano. Hakimu hakusema ajali haina kinga. Aliuliza nani alitakiwa kufanya nini, na hakufanya.

Na sisi Wapemba, je, tunahitaji mfano wa London? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama nje ya Nungwi ikija kwetu. Meli ya kubeba watu wasiofika 700 ilipakia zaidi ya 2,000. Miili 203 ilipatikana, na tume ya uchunguzi ikahesabu wengine zaidi ya 1,300 ambao hawakuonekana. Wako abiria waliotazama vile ilivyojaa wakakataa kupanda. Hao ndio walioikataa methali, na pengine gatini pia walichekwa.

Kuna atakayeniambia nimeingilia kudra ya Mungu. Hapana, bwana. Mtume alimwambia yule Bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo atawakali. Kufunga kwanza. Aliyetia msumari mahali pa boliti hakutawakali, amebania pesa.

Nadai nini? Kidogo tu. Kila kiwanja cha watoto, kuanzia Tibirinzi pale Chake Chake hadi bembea za sikukuu za mashamba, kila chombo kiwe na kibao: kimekaguliwa lini, na nani, kinabeba watoto wangapi. Sisemi Tibirinzi ni kibovu, sina ushahidi huo. Nasema mzazi anayetoa pesa yake ana haki ya kusoma. Kama kibao kipo, kiwekwe mbele macho yakione. Kama hakipo, kitiwe kabla ya Idd ijayo.

Na nyie washairi wenzangu! Mwaka ule wa 2011 nami niliandika shairi la msiba. Bahari katili, mawimbi makali, vina vyote sawa sawa, watu wakalia. Nimelisoma tena juzi. Hamna ndani yake hata swali moja. Nimeisingizia bahari, nikamsahau aliyeendelea kuuza tiketi meli ikiwa imejaa. Shairi kama lile halina tofauti na msumari wa yule bwana: linaziba tundu, watu wanapanda tena.

Basi kabla hujaandika marathia nyingine, nenda kiwanjani. Tazama boliti. Uliza. Watakucheka, waache wacheke. Mie Idd ijayo nakwenda na mtoto yule yule, na nikiuona msumari namshusha, hata foleni nzima inizomee.