Tope linashuka kwetu, pesa inabaki kule juu



Bakubwa wa inchi wakizungumza juu ya kulinda mlango wa mto Kongo, wanafikiria Muanda, kule maji yanapoingia bahari. Ni vizuri. Kule kuna mikoko, kuna hifadhi iliyoundwa mwaka 1992, na toka mwaka 1996 iko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima. Lakini mto hauanzii mlangoni. Sehemu ya maji yanayofika Muanda imetoka Kolwezi, imepita Bukama, imepita Kisale na Malemba-Nkulu, njo ikaendelea Kongolo, Kindu na Kisangani. Mbele ya kufika bahari, imepita kwetu. Na kwetu njo inaacha mzigo wake.

Tueleze vile inafanyika. Lualaba inashuka kwa nguvu ndani ya magenge ya Nzilo. Ikifika Bukama, inchi inakuwa tambarare, mto unapunguza mwendo, unasambaa ndani ya maziwa na mafunjo ya bonde la Upemba. Maji yakipunguza mwendo, tope linaanguka chini. Na metali kama kobalti, shaba na risasi zinashikamana na tope. Zinatua pamoja nalo, pale pale samaki wanapokula na kuzalia. Mlango wa mto kule bahari nao unafanya kazi hivi hivi: unakuwa chujio. Upemba ni chujio kama hicho, ila chenyewe kiko katikati ya bara, na kinakaliwa na watu.

Mto wa pili ni Lufira. Inatoka upande wa Likasi, inapita ziwa Tshangalele lililoundwa na bwawa la Mwadingusha, halafu inashuka mpaka kuungana na Lualaba upande wa Kisale. Mwaka 2010 watafiti wa Lubumbashi walichapisha utafiti juu ya Lufira ya juu: walikuta kobalti, shaba na metali nyingine ndani ya mnyororo mzima wa chakula, mpaka kwa samaki. Mwaka mmoja mbele yake, utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na kile cha Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kobalti nyingi sana ndani ya mikojo ya watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga. Kwa hiyo mtu asituambie kama hii ni hadithi ya vijana wanaotafuta fujo. Wanasayansi wa kwetu wenyewe waliisema miaka mingi.

Kamina haiko kwenye ukingo wa Lualaba, na wengine watauliza: sisi wa mji inatuhusu nini? Inatuhusu mara mbili. Kwanza, samaki tunaokula na bukari hapa mjini wanatoka Bukama na Kikondja, wanakuja na treni na barabara. Watu wameishi kwa samaki wa bonde hili zaidi ya miaka elfu moja. Makaburi ya zamani ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa na wataalamu mwaka 1957, yanashuhudia. Pili, gavana na bunge la jimbo wanakaa hapa Kamina. Kama mpango wa kulinda maji ya Upemba utazaliwa, utazaliwa hapa. Na kama hautazaliwa, ni hapa utakuwa umekataliwa.

Tuseme wazi: hatusemi kama samaki wote wa Upemba wana sumu. Mtu akisema vile bila vipimo, anaua biashara ya mamia ya bamama. Tunachosema ni hiki: mama anayenunua kitunga cha samaki sokoni hana karatasi hata moja ya serikali ya kumwambia maji ya Kisale yakoje mwaka huu. Mvuvi wa Kikondja anasema, "Mayi ilibadilika, samaki ilipunguka," na hakuna anayekuja kumjibu kwa tarakimu. Kukaa bila kujua nako ni hatari, sababu uvumi unachukua nafasi ya ukweli.

Sasa tuzungumze pesa. Sheria ya madini ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inagawa hivi ile kodi wanayoita redevansi: asilimia 50 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo ambamo mgodi uko, asilimia 15 kwa sheferi, sekta ao mji ambamo mgodi uko, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vya kesho. Someni tena: ambamo mgodi uko. Sheria haisemi ambamo maji ya mgodi yanafika. Mgodi wa Kolwezi unalipa Kolwezi na jimbo la Lualaba. Teritware ya Bukama, ambayo inapokea maji yale yale, haimo kwenye ile hesabu. Kampuni inatakiwa pia kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na mradi. Lakini nani alisema wavuvi wa Kisale hawaguswi? Tope haliulizi mpaka wa jimbo. Ile mipaka tulichorewa mwaka 2015, wakati Katanga iligawanywa. Mto ulikuwa hapa mbele.

Njo maana tunasema: mpango wa kulinda maji lazima ufuate maji, usifuate mipaka. Haut-Lomami ikitengeneza mpango wake peke yake, itakuwa kama mtu anayefagia uwanja wakati jirani wa juu anaendelea kutupa takataka. Na Lualaba ikitengeneza wake peke yake, itasafisha Kolwezi na kuishia kwenye mpaka.

Wengine watatujibu kama serikali haina uwezo. Sisi tunaona inao, pale inapotaka. Bei ya kobalti ilipoanguka, tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya inchi. Kuanzia mwezi wa kumi ikaweka kipimo: tani 18 125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na tani 96 600 kwa mwaka 2026. Kwa hiyo serikali inajua kupima kobalti inayopanda lori kwenda Kasumbalesa. Inashindwa nini kupima kobalti inayoshuka na maji kuja Bukama?

Na tusingojee msiba. Mwaka 2021, taka za mgodi wa almasi wa Catoca, Angola, zilivuja ndani ya mito inayoingia kwetu upande wa Tshikapa. Waziri wa Mazingira, Ève Bazaiba, alitangaza watu 12 wamekufa na zaidi ya 4 000 wameugua. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, ukingo wa bwawa la taka za shaba ulibomoka Chambishi, Zambia, asidi ikaingia mto Kafue, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Mwezi wa 11 mwaka ule ule, maji ya kiwanda yalimwagika mpaka kwenye mitaa ya watu Lubumbashi, na Waziri wa Madini, Louis Watum, akasimamisha kampuni kwa miezi 3. Bwawa kama lile likibomoka usiku huko Kolwezi ao Likasi, nani atapiga simu Bukama? Nani atawaambia bamama wa Kikondja wasichote maji asubuhi? Kama jibu haliko kwenye karatasi leo, siku ile halitapatikana.

Sheria hazikosi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kinampa pia wajibu wa kuyatetea. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015, juu ya maji, inataka maji yasimamiwe kwa kufuata mabonde ya mito, na inasema anayechafua njo analipa. Na kifungu cha 199 cha Katiba kinaruhusu majimbo mawili ao zaidi kupatana na kuunda chombo cha kulinganisha siasa zao. Haut-Lomami, Lualaba na Haut-Katanga hazihitaji kungoja ruhusa mpya kutoka Kinshasa ili kukaa kwenye meza moja. Tena toka mwaka 2017 bonde la Lufira liko kwenye orodha ya Ramsar. Inchi yetu ndiyo iliyoliweka pale. Ni ahadi tuliyotoa mbele ya dunia.

Na wengine wameshafanya. Jirani zetu wa Tanzania wamegawa inchi katika mabonde 9 ya maji, kila bonde na bodi yake. Bonde la Rufiji linapita mikoa mingi, kutoka milimani mpaka kwenye mikoko ya bahari, na bodi ni moja. Kule Marekani kuna ghuba ya Chesapeake, mahali mito inakutana na bahari. Samaki na chaza walipopungua, mwaka 1983 majimbo ya Maryland, Virginia na Pennsylvania yalisaini mapatano pamoja na mji wa Washington na serikali kuu. Pennsylvania haigusi ghuba ile hata kidogo. Ilisaini sababu mto wake mkubwa, Susquehanna, unashuka mule. Kazi haijaisha mpaka leo, lakini jimbo la juu lilikubali kujibu kwa uchafu unaofika chini. Tunaomba Lualaba na Haut-Katanga zifanye vile.

Tunajua jibu jingine litakuja: "Ninyi wavuvi mnatumia nyavu za chandarua, mnamaliza samaki wadogo. Ninyi hamna vyoo, njo maana kipindupindu hakiishi Bukama na Kikondja." Iko na ukweli ndani, na mpango mzuri lazima uingize mambo haya: vyoo, maji safi ya kunywa, kuheshimu miezi ya kufunga uvuvi, kulinda mafunjo. Lakini angalieni nani anaombwa kujinyima. Mvuvi anafungiwa ziwa ili samaki wazae, na watoto wake wanakaa na njaa. Halafu samaki wale wanazalia ndani ya tope ambalo hakulileta. Huwezi kumfunga mtu wa chini tu na kumwacha wa juu.

Kwa hiyo, sisi vijana tunadai mambo haya matano, kwa amani na bila kurudi nyuma:

1. Gavana wa Haut-Lomami awaandikie wenzake wa Lualaba na Haut-Katanga, kwa kutumia kifungu cha 199, kuunda chombo kimoja cha maji ya Lualaba na Lufira. Wavuvi, bamama wauza samaki na machifu wakae ndani, si mabosi peke yao.

2. Maji, tope na samaki vipimwe mara kwa mara Bukama, pale Lufira inapoingia, na Kikondja. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko na watu wa kazi hiyo. Majibu yabandikwe sokoni na kusomwa kwenye redio, kwa Kiswahili na Kiluba.

3. Kampuni yoyote yenye bwawa la taka juu ya mito hii ihesabu wakaaji wa chini kuwa miongoni mwa wanaoguswa na mradi wake, katika utafiti wa athari kwa mazingira na katika mgawo wa ile asilimia 0.3.

4. Kuwe na njia ya onyo: bwawa likipasuka, msimamizi wa teritware ya Bukama na ya Malemba-Nkulu ajue saa ile ile, na watu wajue kupitia redio, kengele za kanisa na simu.

5. Bunge la jimbo lipige kura juu ya sheria ya kulinda maziwa, mafunjo na mazalio ya samaki, na bajeti yake ionekane kwa jina lake, isifichwe ndani ya "matumizi mengine".

Hakuna hata moja kati ya haya inayohitaji mabilioni kuanza. Barua ya gavana ni karatasi na sahihi. Chupa za kuchotea maji ziko. Kinachokosa ni mtu wa kukubali kuulizwa.

Kwenu waheshimiwa wabunge wa jimbo: kikao cha bajeti ni mahali pa kuanzia. Tutakuja kukaa kwenye viti vya raia na kusikiliza nani anasema nini juu ya maji. Majina tutayaandika, ya wale watakaotetea mto na ya wale watakaonyamaza.

Kwenu wanainchi: mwulizeni mbunge wenu swali moja tu akija kuomba sauti: "Maji ya Kisale yalipimwa lini, na majibu yako wapi?" Akikosa jibu, mwulizeni tena wiki ijayo.

Vijana wa Kamina, kwa ajili ya maji ya Upemba