Mteja anatafuta meko, wewe umeandika nini?

Vijana wengi wa mjini siku hizi duka lao ni mtandao. Hakuna kodi ya kibanda, hakuna askari wa kaunti wa kukufukuza. Lakini kuna kitu kinaua biashara hizi kimyakimya: maneno.

Chukua ule mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu. Huku mtaani tunauita meko. Sasa fungua kurasa za wauzaji: "Suluhisho kamili la upishi wa kisasa." Haki, nani huandika hivyo Google? Mtu gesi imemwishia jioni na watoto wana njaa, anaandika "meko bei gani" ama "meko price in Kenya". Kama neno meko halipo kwenye kichwa na maelezo ya bidhaa yako, pesa yake inaenda kwa mwingine.

Pia usikimbilie neno pana. Ukiandika "viatu" tu, unapigana na Jumia, na hiyo vita huiwezi. Andika "viatu vyeusi vya shule vya ngozi, Eldoret". Watakaotafuta hivyo ni wachache, lakini wanajua wanachotaka.

Maneno yenyewe utayatoa wapi? Bure kabisa. Anza kuandika jina la bidhaa Google halafu usibonyeze. Soma mapendekezo yanayojitokeza. Linganisha maneno mawili kwenye Google Trends, uchague Kenya. Kisha rudi kwa jumbe zako za WhatsApp. Vile wateja wanavyokuuliza ndivyo wanavyotafuta.

Jihadhari na wanaokuuzia "maneno 100 ya siri" ya kufichwa nyuma ya ukurasa. Google ilisema wazi mwaka wa 2009 kwamba haitumii orodha hiyo kupanga matokeo. Na kurudiarudia neno moja kila mstari kunavunja sera zake.

Mbona nasema haya sasa? Kwa sababu asiyepatikana kwa kutafutwa hulazimika kununua matangazo, na tangazo la kulipia kila mbofyo halikuulizi kama mtu alinunua. Kampuni kubwa zina bajeti hiyo. Wewe huna, ila una kitu ambacho nyingi hazina: unajua mtaa unakiitaje kitu.

Leo usiku chagua bidhaa moja tu. Badilisha kichwa chake, kiseme vile mteja anavyosema.