Tuongeze chumba kwanza, kuku baadaye

Vijana wenzetu, wiki hii kikundi chetu kimegawanyika. Wengine wanataka akiba yetu inunue kuku 30 wa mayai mara moja. Sisi wengine tunasema pesa ianze na mbao na mabati ya kuongezea banda. Tunaeleza kwa nini.

Banda letu hapa Kigali ni mita 3 kwa 2, yaani mita 6 za mraba. Kuku wa mayai wanaolala juu ya maranda, mita moja ya mraba inatosha 5 au 6. Tunao 32, basi limejaa. Ukiongeza 30 humo, maranda yatalowa, harufu itawachoma macho, wataanza kudonoana, na mayai yatapungua.

Halafu tusijisahaulishe ya mwaka jana. Tulileta 10 wapya tukawachanganya siku hiyo hiyo. Kumbe walikuja na mdondo. Tukazika 19. Mdondo hauna dawa, una chanjo tu. Kwa hiyo chumba kipya kiwe na mlango wake na ukuta wa kati uliozibwa kabisa. Wapya wachanjwe, wakae peke yao wiki 3. Anayelisha aanze na wa zamani, amalizie na wapya, anawe mikono, abadilishe viatu. Mwenye nafasi ya kuwaweka mbali kabisa, hiyo ni bora zaidi.

Mwenzetu mmoja aliuliza: "Tujenge kwenye kiwanja cha kupanga kwa nini, na sisi tunasubiri kuhama?" Swali hilo linauma, maana wote tunasubiri. Lakini kambi ya Kiziba ilianza mwaka 1996, na mpaka leo kuna watu. Waliozaliwa kule sasa ni wazazi. Kama wote wangesubiri kuhama ndipo wajenge, wangekula nini miaka yote hiyo?

Tena si lazima tujenge kwa saruji. Kwanza tumwombe mwenye kiwanja ruhusa. Nguzo zikae juu ya mawe, mbao tuzifunge kwa skrubu badala ya misumari. Siku tukiondoka, tunafungua, tunauza au tunawaachia watakaobaki. Bati jipya liingie chini ya ukingo wa bati la zamani, la sivyo mvua za Machi hadi Mei zitapita kwenye kiungo. Kwa kuwa tuko mlimani, tuchimbe mfereji upande wa juu. Ukuta uzibwe chini kwa ajili ya baridi ya usiku, juu uwe wavu ili hewa ipite.

Jumapili tunapiga kura. Wanaotaka kuku tusigombane nao, hata sisi tunawataka. Ila mwaka jana tulinunua kwanza tukafikiri baadaye, na wote tulishika jembe la kuwazika.