Mgonjwa Asibebeshwe Kazi ya Kutafuta Huduma

Kata ya Visiga imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Kibaha, mkoani Pwani, kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Maili Moja na Mlandizi, na hoja ya safu hii kwa wiki hii inaanzia katika mahali ilipo kata hiyo. Mkazi wa Visiga yuko chini ya halmashauri ya mji, ambayo ngazi yake ya chini kabisa ni mtaa. Jirani yake wa upande wa Mlandizi yumo katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambayo huendeshwa kwa vijiji na vitongoji. Na jamaa zake wa upande wa kusini, anaoshirikiana nao katika harusi, misiba na mashamba ya mihogo na mikorosho, wako Kisarawe, chini ya halmashauri nyingine kabisa. Mipaka hiyo haizuii daladala wala bodaboda. Huanza kuhisiwa mtu anapougua, watoto wanapofiwa na wazazi, au mzee anapobaki peke yake bila wa kumchotea maji, kwa sababu kila halmashauri ina zahanati zake, maofisa wake na orodha zake za wanaostahili kusaidiwa.

Si kweli kwamba huduma za afya na ustawi wa jamii hazipo katika eneo hili. Zipo, na baadhi yake zina historia ndefu kuliko za sehemu nyingi za nchi. Kasoro iliyopo ni kwamba maarifa ya kuzifikia, yaani kujua ni ofisi ipi inayoanza, ni barua ipi inayotakiwa na ni nani mwenye mamlaka ya kuitia saini, yameachwa mikononi mwa yule anayezihitaji, tena katika saa ambayo hana nguvu, hana nauli na mara nyingi hana utulivu wa akili. Mwandishi wa safu hii anashikilia kwamba mzigo huo umewekwa kwa mtu asiyestahili kuubeba, na kwamba ofisi ya mtaa ndiyo inayopaswa kuubeba.

Kibaha ilipata bahati mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kujenga kituo kikubwa kilichounganisha shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya, na mwaka 1970 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Wazo lililokuwa ndani yake lilikuwa la maana sana, kwa kuwa liliona kwamba elimu, kilimo na afya ni mambo ya familia moja na hayafai kupelekwa kwake kwa njia zisizojuana. Huduma ya afya iliyoanzia hapo ndiyo iliyokua ikawa Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa na ndiyo inayopokea majeruhi wengi wa ajali za Barabara ya Morogoro. Kwa bahati mbaya, wazo lile la kuunganisha halikukua pamoja na majengo.

Mfumo wa tiba nchini umepangwa kama ngazi, ukianzia zahanati, kisha kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kuendelea hadi hospitali za kanda na za taifa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, maarufu kwa jina la MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Rufaa ni barua ya kitabibu inayomhamisha mgonjwa kutoka ngazi moja kwenda ya juu yake, na mgonjwa anayepanda bila barua hiyo huweza kukuta bima yake haikubaliwi au gharama zimepanda. Kwa mkazi wa Visiga ngazi hii ina utata wake, kwa sababu kituo cha afya cha Mlandizi hakimo katika halmashauri yake, ilhali hospitali ya mkoa ya Tumbi iko upande wa pili wa barabara ileile anayopita kwenda sokoni. Ni rahisi sana kwake kwenda moja kwa moja Tumbi, na si haki kumlaumu kwa kuruka ngazi ambazo hakuna aliyewahi kumweleza.

Jambo linaloumiza zaidi ni msamaha wa malipo. Tangu uchangiaji wa gharama za tiba uanzishwe katika hospitali za umma mwaka 1993, Serikali imekuwa na aina mbili za msamaha ambazo wananchi wengi huzichanganya. Aina ya kwanza ni ya makundi, nayo humhusu mtoto mwenye umri chini ya miaka 5, mama mjamzito, mgonjwa wa kifua kikuu au ukoma, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI kwa matibabu yanayohusu hali hiyo, na mzee mwenye miaka 60 au zaidi asiye na uwezo. Aina ya pili ni ya mtu mmoja mmoja ambaye hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, ila umaskini wake umefikia kiasi cha kushindwa kulipa. Ya kwanza hutegemea hali inayoonekana au kadi. Ya pili hutegemea ushahidi, na ushahidi huo huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, ambao humtambua mkazi kwa barua, kisha humfikia afisa ustawi wa jamii, yaani mtumishi wa umma aliyesomea kazi ya kuwahudumia watu walio katika mazingira magumu, ambaye ndiye anayepima na kupendekeza msamaha.

Ikumbukwe kwamba barua hiyo ni kitu chepesi mno ikiandikwa kabla ya ugonjwa, na ni kitu kizito mno ikitafutwa baada yake. Mtu aliyekwisha kulazwa, ambaye ndugu yake anatakiwa kurudi Visiga kumtafuta mtendaji aliye kikaoni, kisha arejee Tumbi kabla ofisi ya ustawi haijafungwa, ametozwa nauli mbili na siku nzima ya kazi kwa ajili ya msamaha uliokusudiwa kumpunguzia gharama. Mzee naye, hata kama hospitali ina dirisha maalumu la wazee, hanufaiki nalo iwapo hakuwahi kuandikishwa katika zoezi la vitambulisho, na mara nyingi hakuandikishwa kwa sababu tangazo lilitolewa kwa sauti mara moja, siku ambayo yeye alikuwa shambani. Hakuna sheria mpya inayohitajika kurekebisha jambo hili. Kinachohitajika ni mtaa kuwatambua wazee na kaya zisizojiweza mapema, kuweka orodha hiyo katika zahanati na katika ofisi ya ustawi wa jamii, na kuihuisha kila mwaka.

Ugumu mwingine unatokana na jinsi huduma hizi zilivyogawanywa huko juu. Januari 2022, maendeleo ya jamii, jinsia na makundi maalumu yalitengwa na afya yakapewa wizara yake, hatua iliyokuwa na sababu nzuri, kwani masuala ya wazee, watoto na wanawake yalikuwa yakimezwa na uzito wa hospitali na dawa. Hata hivyo maofisa wanaotekeleza sera za wizara zote mbili huajiriwa na halmashauri, ambazo ziko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mtoto aliyefanyiwa ukatili Visiga anahitaji daktari wa wizara moja, afisa ustawi wa wizara nyingine, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na pengine msaada wa kisheria, ambao una sheria yake ya mwaka 2017. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kumlinda mtoto huyo, na inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa; lakini mwanajamii huyo hawezi kutimiza wajibu ambao hajui mlango wake.

Ndiyo maana wengi wanaanzia kwa mjumbe, anayeitwa pia balozi wa nyumba kumi. Wakati wa chama kimoja, mjumbe alikuwa ndiye jicho la Serikali katika ujirani, akijua nani mgonjwa, nani mgeni na nani amelala njaa. Tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa shina la chama chake, si wa Serikali, na barua ya msamaha haiwezi kisheria kutoka kwake. Wakazi wa zamani bado humtegemea, na hekima yake isidharauliwe, kwa kuwa ujirani wa Pwani umejengwa juu ya watu wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba Visiga inaendelea kupokea familia zinazohama Dar es Salaam kufuata viwanja vya bei nafuu, na mgeni huyo hamjui mjumbe, hajafika ofisi ya mtaa tangu siku aliponunua kiwanja, na hajawahi kuhudhuria mkutano wa hadhara.

Kukosa mkutano huo kuna gharama ambayo wengi hawaitambui. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, hauna dirisha la kuombea kila siku. Kaya hutajwa na jamii yenyewe katika mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hufanyiwa dodoso la kupima umaskini, na mzunguko wa uandikishaji ukipita, aliyekosekana husubiri mwingine. Kaya ambayo haijulikani kwa majirani haitajwi, hata kama ndiyo maskini kuliko zote.

Eneo hili lina somo lake lenyewe kuhusu TASAF, na inasikitisha kwamba halikumbukwi. Kabla mpango huo haujazinduliwa kitaifa mwaka 2012, ulijaribiwa katika wilaya tatu tu za nchi: Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Malipo ya majaribio yalianza Januari 2010 katika vijiji 40, na vingine 40 vikaachwa kwa muda ili matokeo yalinganishwe. Kiwango kilikuwa kidogo, takriban dola 3 za Marekani kwa mwezi kwa mtoto na dola 6 kwa mzee, kwa masharti ya watoto kwenda shule na kliniki na wazee kupimwa afya, na usimamizi ulikuwa wa kamati za kijiji zilizochaguliwa na wanakijiji. Tathmini ilionyesha kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani bima ya hiari ya kaya iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, zikaanza kugharimia matibabu kwa kadi ya bima, na zikanunua viatu vya watoto. Safari za kliniki ziliongezeka mwanzoni, kisha zikapungua kadiri afya za watu zilivyoimarika.

Fedha ilichangia, hilo halina ubishi. Lakini fedha ile haikufika peke yake. Ilifika pamoja na kamati inayojulikana kwa sura, iliyomweleza kila mlengwa ni wapi pa kwenda, lini na kwa sababu gani. Mtu mwenye shilingi zake mkononi asiyejua kwamba bima ya kaya ipo hawezi kuinunua. Hoja hii ina uzito zaidi sasa, kwa kuwa Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na bima ya namna hiyo haiwezi kumfikia kila mtu iwapo kaya zisizo na uwezo hazikutambuliwa kwanza huko mitaani.

Vivyo hivyo kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao ni wakazi wa mtaa au kitongoji wanaopewa mafunzo ya kutembelea kaya, kutoa elimu ya afya na kuwaelekeza wagonjwa kituoni. Mpango jumuishi wa kuwaandaa zaidi ya 137,000 nchi nzima katika kipindi cha miaka 5 ulizinduliwa Januari 2024. Hawa ndio wanaofaa kuwa warithi wa kazi njema aliyokuwa akiifanya mjumbe, iwapo mafunzo yao yatahusu pia msamaha, vitambulisho vya wazee na njia ya kumfikia afisa ustawi, kwa kuwa malaria na lishe ni sehemu tu ya yanayomfikisha mtu mlangoni kwao. Misikiti na makanisa, yenye zaka, jumuiya na vikundi vya akina mama, tayari yanawasaidia wengi bila kuulizwa dini, na yangefaa yajulishwe orodha ileile ya wazee na kaya zisizojiweza.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma iweke wazi taarifa inazozishikilia. Kwa hiyo Halmashauri ya Mji wa Kibaha haitakuwa imetoa hisani iwapo kila ofisi ya mtaa katika Visiga itabandika ubao unaosomeka, unaotaja zahanati ya karibu na saa zake, siku anazopatikana afisa ustawi wa jamii, jina la cheo cha anayesaini barua ya msamaha, na utaratibu wa kuitajia TASAF kaya iliyosahaulika. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 wanaweza kuusoma ubao huo kwa sauti mwanzoni mwa kila mkutano mkuu, kabla ya ajenda ya michango. Kisarawe na Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha zifanye hivyo pia, na kila moja iandike kwenye ubao wake huduma za jirani zilizo karibu na mpaka.

Ubao huo ukisubiriwa, mkazi wa Visiga aziandike mahali ambapo watoto nyumbani wanaweza kuziona namba hizi tatu za simu zisizolipiwa: 199 kwa maswali ya afya kwa Wizara ya Afya, 115 kwa usafiri wa dharura wa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, na 116 kwa taarifa za mtoto anayenyanyaswa.