Barua ya Mtaa Ijibiwe

Mkaazi wa mtaa wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba bahari imepanda. Huiona mlangoni kwake. Wananchi wa Kilimani, Funguni na Malindi, ambao mawimbi na mifereji ya mji hukutana mbele ya nyumba zao, ndio wa mwanzo kujua ukuta ulipopasuka, mfereji ulipoziba na mchanga ulipochotwa usiku. Wakaazi kama hao wanapounda jumuiya yao ili washughulikie mambo ya mtaa, hawashindani na Serikali wala hawajitafutii ukubwa. Wanatimiza wajibu wao.

Jambo hili si geni Visiwani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kazi za kujitolea zilikuwa ni nguzo ya ujenzi wa nchi, na majumba ya Michenzani yanashuhudia jasho la wananchi. Moyo huo haukufa. Kinachouvunja si uchovu wa mikono. Ni barua iliyopelekwa ofisini isipate jibu.

Yafaa tupambanue kazi ya wakaazi na kazi ya Serikali. Wakaazi waweza kufagia ufukwe, kuzibua mtaro ulio mbele ya nyumba zao, na kukatazana kutupa taka pwani. Lakini hakuna jumuiya ya mtaa inayoweza kulaza bomba kuu la maji machafu, kuzuia gari la mchanga, au kufuta kibali cha ujenzi kilichotolewa ukingoni mwa bahari. Hayo ni ya wenye dhamana. Kuwahimiza wananchi wafagie kila mwezi, huku bomba lililopasuka likiendelea kumwaga uchafu pale pale walipofagia, ni kuifanya jumuiya ufagio wa Serikali.

Wala hili si suala la kupendezesha mji tu. Kipindupindu kiliripotiwa Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo kimerejea mara kadhaa, ikiwemo miaka ya 2015 na 2016. Maradhi hayo hupita katika maji na vyakula vilivyoingiwa na kinyesi. Mfereji uliofurika mtaani, ambao katika jalada la ofisi ni mstari mmoja, kwa mama mwenye watoto ni suala la uhai. Wazee walisema kweli: maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Tuchukue mfano wa Kilimani. Katika muongo wa 2010 kulitekelezwa huko mradi wa kuihifadhi pwani na mmomonyoko, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupanda mikoko. Mradi huwa na mwisho wake, nao mkoko huhitaji miaka kukua. Wataalamu wakishaondoka, nani atauona mche uliokanyagwa, uliokatwa au uliozongwa na mifuko? Ni yule anayepita hapo kila asubuhi. Naye akitoa habari asisikilizwe, mara ya pili atapita kimya, na fedha zilizotumika zitachukuliwa na maji.

Kwa kawaida barua ya mtaa huanza kwa Sheha, ikaenda Wilayani, ikafika Baraza la Manispaa, kisha ikaelekezwa kwenye idara nyengine. Kila ofisi husema dhamana si yake. Faili hutembea, na maji husimama. Huo ndio urasimu, na dawa yake haihitaji mkopo wa fedha za kigeni. Kila ofisi iwe na daftari la barua za mitaa. Kila barua ijibiwe ndani ya siku 30, kwa maandishi: kazi itafanywa, na lini, au haitawezekana, na kwa sababu gani. Kadhalika, ombi la kujenga ufukweni litangazwe mtaani kabla ya kibali kutolewa, si baada ya msingi kuchimbwa. Mwananchi aliyeambiwa “hapana” kwa hoja hubaki mshirika, aliyenyamaziwa huondoka.

Kwa upande wa pili, jumuiya nazo zijisahihishe. Mchango wa mwananchi, hata uwe mdogo, uandikwe na usomwe hadharani. Kamati isiwe ya wenye nyumba za mbele peke yao. Wapangaji, kina mama na wavuvi wanaopweka vyombo vyao hapo wana haki ya kusema, maana diko la mvuvi nalo ni mtaa.

Na tuseme wazi jambo ambalo baadhi yetu katika Chama hatupendi kulisikia. Jumuiya ya mtaa si tawi la Chama chochote, wala haifai kugeuzwa kuwa tawi. Maji machafu hayaulizi kadi ya mtu kabla ya kuingia chumbani kwake. Kiongozi anayeipima barua ya wakaazi kwa kutazama imetiwa saini na nani, badala ya kutazama inasema nini, hakijengi Chama chake. Anakibomolea.

Tulifunzwa chuoni kwamba salamu ni sunna, na kuijibu ni faradhi. Mtaa wa pwani umekwisha kutoa salamu. Waliopewa dhamana waitikie.