Sekunde 40 za harusi ya wazazi, na saa 3 zilizotupwa

Kuna kaka mmoja wa mjini, jina kapuni, wengi wenu mnamfuata. Juzi kati alitupia klipu ya harusi ya wazazi wake, iliyofungwa Bulongwa kule Makete enzi za mikanda ya VHS. Sekunde 40 tu. Bi harusi kavaa gauni la mikono ya puto, kwaya inaimba, ukungu umejaa nyuma kama moshi wa jikoni. Likes zikamiminika, na mimi nikagonga yangu.

Halafu mama yake mdogo akauliza, "Mwanangu, na pale dada anapoongea umepaweka wapi?"

Hapakuwepo. Jamaa aliwasha deki sebuleni, akaielekezea TV simu, akachukua kipande kinachochekesha. Mkanda wenyewe, wa saa 3, ukaenda na taka siku ya kuhamia nyumba mpya. Na huyo dada anayeulizwa, yaani mama wa kaka, alishatangulia mbele za haki. Kwa nini alifariki si kazi yangu kusema.

Wanaomtetea wanasema ni bahati mbaya. Mimi nasema ni uvivu, na mnipige mawe tu.

Kwa watu wa kule hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta Njombe ikiongoza kwa maambukizi ya VVU: asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Dawa za bure zilianza kutolewa 2004, na wengi waliooana miaka ya 90 hawakuzifikia. Watoto wakalelewa na bibi. Mtu wa namna hiyo picha ya mama anayo ukutani, ila picha haiongei. Sauti iko kwenye mkanda wa harusi, au wa kipaimara cha binamu ambako mama alipita mbele ya kamera akicheka.

"Sasa nani ataangalia saa 3 za watu wakitoa zawadi?" Hakuna atakayeziangalia zote. Kila mmoja atatafuta dakika yake. Foleni ile ya zawadi inayowachosha ndiyo daftari la ukoo: MC anaita majina, huyu katoka Iwawa, wale mashangazi wametoka Tandala, yule mjomba kaja na blanketi begani. Halafu mzee anashika maiki anabariki kwa Kikinga dakika 12. Sisi tuliokulia Makambako, Mbeya na Dar, Kikinga chetu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo hapo ndipo mkasi unapopita kwanza. Eti haieleweki! Rekodi kwanza, mkalimani utampata.

Na kazi yenyewe wala si ya fundi. Deki ina matundu ya rangi kwa nyuma: njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Waya zinaingia kwenye kidude kidogo cha kunasia video kinachochomekwa USB ya laptop. Programu ya OBS Studio ni ya bure. Chagua mfumo wa PAL, ukubwa 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Ukiacha NTSC picha inaweza kuruka au kukosa rangi. Rekodi dakika 2 uzisikilize, maana kosa linaloliza watu ni kunasa harusi nzima bila sauti. Ukiweka kiwango cha kilobiti 6,000 kwa sekunde, saa 3 zinachukua kama GB 8. Hata simu yako ina zaidi ya hapo.

Kuharakisha hakuna. Mkanda wa saa 3 unataka saa 3 zako, umekaa na chai. Simu iliyoelekezwa kwenye TV inakupa mistari inayotambaa, pembe zilizokatika na kelele za jirani anayesaga juisi. Vile vimkanda vidogo vya miniDV ni habari nyingine, vinadai waya wa FireWire na laptop nyingi za sasa hazina tundu lake.

Kingine ni baridi ya Bulongwa. Mkanda uliokaa miaka kwenye sanduku la bibi hupata kuvu. Chungulia kwenye kidirisha chake, ukiona unga mweupe usiutumbukize kwenye deki. Utachafua hedi, na mkanda safi utakaofuata utaambukizwa. Mpelekee anayejua kuusafisha. Deki nazo tunzeni: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016, kwa hiyo iliyopo mjini ni mtumba.

Sipingi klipu. Tupia hata kumi, ila wale walio hai waulize kwanza, maana yule shangazi anayecheza kalewa leo ni mzee wa kanisa. Faili zima libaki la familia, kwenye diski mbili, nyumba mbili tofauti.

Sasa bishaneni hapo chini: faili likikamilika, lianze kwenye group la WhatsApp au kwa mama mdogo kijijini asiye na smartphone? Mimi nasema mama mdogo. Mwekeeni kwenye flash, achomeke kwenye TV yake, awe wa kwanza kumsikia dada yake.